Kitambaa cha Njano Katikati ya Chalbi

Leo, wapendwa, naomba sote tupande pikipiki. Wazee wenye magoti mabovu msiogope, ninyi mtapanda kwa masikio tu. Lakini shikeni vizuri, maana huko tunakokwenda hakuna lami, hakuna kibao cha kukuonyesha njia, na upepo wake humvua mtu kofia kabla hajamaliza kusema "kofia yangu".

Kulikuwa na kijana mmoja wa kaskazini, kando ya jangwa la Chalbi, aliyekuwa mwendesha bodaboda. Tumwite Katelo. Pale stejini, kituoni mwa bodaboda, hawakumwita hivyo, walimwita Bingwa, naye alilipenda jina hilo kama mtoto anavyopenda sukari.

Mmewahi kusikia habari za Chalbi? Zamani za kale lilikuwa ziwa. Maji yakaondoka, ikabaki chumvi, nyeupe, tambarare, imenyooka kama meza iliyotandikwa kitambaa. Ukiwa katikati yake, mbele ni weupe na nyuma ni weupe. Hakuna mti. Hakuna jiwe la kusema, "nitakata kona hapa." Jua likipanda, mazigazi yanaanza kucheza, unaona maji yanametameta mahali ambapo hakuna hata tone. Na ubaya wa Chalbi ni huu: mvua inaweza kunyesha mbali milimani, wewe usione hata wingu, kisha maji yakatambaa chini kwa chini mpaka katikati ya jangwa. Juu unaona ukoko mkavu wa chumvi. Chini yake ni tope linaloweza kummeza ngamia mpaka tumboni.

Kwa hiyo waendeshaji wa kijiji cha Katelo katika mfano wetu walikuwa na desturi. Kila mmoja alibeba fimbo ndefu, imefungwa ubavuni mwa pikipiki, na kwenye ncha yake kitambaa cha rangi yake mwenyewe. Ukianguka mahali pabaya, ukishatoka, unachomeka fimbo yako papo hapo. Anayekuja nyuma akiona kitambaa kinapepea anazunguka mbali. Basi. Ni jambo jepesi, na liliokoa watu wengi.

Lakini lilikuwa na uchungu wake. Kila mtu alijua rangi ya mwenzake. Ukichomeka fimbo yako kule, umewatangazia watu wote kwamba hapa, mimi fulani mwana wa fulani, nilianguka. Na steji ikipata habari kama hiyo, kicheko chake hakiishi wiki moja.

Kitambaa cha Katelo kilikuwa cha njano, kingali na mikunjo ya dukani. Alikuwa akikionyesha kwa wageni na kuwaambia hakijawahi kuonja chumvi. Rafiki yake Elema alikuwa na chekundu, nacho kilikuwa kimechomekwa huku na huku mpaka wekundu wenyewe ulikuwa umepauka kama soksi ya zamani. Walimtania wakamwita Baba Bendera. Elema alicheka pamoja nao. Alisema bendera isiyopandishwa ni ya nini, si afadhali mtu ashone shati.

Sasa ikaja siku ambayo mota ya pampu ya kisima ilikufa. Wakati ulikuwa wa kiangazi kikali. Ngamia walikuwa wamesimama mstari mrefu kwenye birika kavu, hawalii, wanatazama tu. Mbuzi waliramba ukuta wa birika. Mama yake Katelo naye alikuwa pale na mbuzi wake, na mtungi uliokuwa na maji ya kikombe tu chini. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya siku ile, wapendwa: maji, na maji ya leo, si ya kesho. Ilibidi mtu avuke Chalbi mpaka Marsabit, amlete fundi na mota mpya kabla jua halijazama.

Mnadhani nani alisimama kabla hata ya kuitwa?

Elema alimwambia waende wawili, kwa sababu wakati wa kurudi kutakuwa na fundi, mota na sanduku la vifaa, na pikipiki moja italemewa. Katelo akapiga kiki, pikipiki ikanguruma, akamwambia kwamba akienda na Baba Bendera watatumia siku nzima kupanda bendera. Watu wakacheka, hata wenye kiu. Akaondoka, vumbi likabaki likimtafuta.

Loo, safari ile! Laiti mngekuwa nyuma yake. Alfajiri ya Chalbi haina joto bado, hewa inaingia kifuani kama maji ya mtungi. Chumvi chini ya magurudumu inalia kama karanga zinazomenywa. Upande wa kushoto jua likachomoza kubwa, jekundu, halina kitu cha kujificha nyuma yake, na kivuli cha Katelo kikarefuka mpaka akajiona jitu. Mbuni wakatokea, kundi zima, shingo mbele, wakakimbia sambamba naye kana kwamba nao wametumwa Marsabit. Katelo akaongeza mafuta. Mbuni wakaongeza miguu. Akaimba, akawapigia honi, akawapungia mkono alipowaacha. Alijiona kama mtu anayeendesha juu ya mbingu.

Ndipo mbingu ikapasuka.

Gurudumu la mbele lilizama kwanza. Pikipiki ikasimama ghafla, yeye akaendelea peke yake hewani, akatua kwa kifua kwenye tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Akainuka, akazama magotini. Kwa muda alidhani hatatoka. Alivuta, akasukuma, akalala ubavu, akaita majina ya babu zake, mpaka mwishowe pikipiki ikakubali kutoka upande wa pili, naye amekuwa mweusi kuanzia nywele mpaka viatu.

Akakaa chini akihema. Fimbo yake ilikuwa pale ubavuni mwa pikipiki. Kitambaa cha njano, kwa maajabu ya Mungu, hakikuwa na hata tone la tope.

Akakitazama.

Hebu tumsikilize alivyowaza, kwa sababu mawazo yake tunayajua vizuri kuliko tunavyopenda kukiri. Aliwaza, nani atapita hapa leo? Ni mimi tu. Na mimi tayari ninapajua. Nikirudi nitapakumbuka, nitapazunguka. Kwa nini nichomeke kitambaa hapa, kije kuonwa na lori la mifugo, habari zifike stejini kabla yangu? Kesho, pampu ikishafanya kazi, nitakuja polepole niweke hata jiwe tu, lisilo na rangi.

Akachukua maji yake ya kunywa, akanawa uso, akafuta tangi la mafuta kwa soksi. Akaondoka. Nyuma yake ukoko uliovunjika ukabaki wazi kidogo, kisha upepo ukaleta vumbi jeupe, ukalifunika tope kama mama anavyofunika chakula.

Mjini Marsabit walipomuuliza njia ikoje, alisema nzuri, ni kama uwanja wa ndege. Akapewa mota, akaifunga nyuma kwa mipira. Akapewa fundi. Naye fundi alikuwa mwanamke, Mmeru, mtu mzima mwenye mikono ya kazi, jina lake Kagwiria. Akaizunguka pikipiki mara moja kama mtu anayenunua ng'ombe, akabonyeza matairi, akapanda.

Wakashuka kutoka kwenye ukungu wa mlima, wakapita kwenye mawe meusi ya volkano ambayo yametapakaa kama mbuzi waliolala, pikipiki ikirukaruka, fundi akishikilia sanduku lake la vifaa. Hakulia wala hakumshika Katelo kiunoni. Katelo alizoea abiria wanaoomba dua, huyu akawa anamuuliza habari za gia. Walipofika mahali weupe unapoanzia, akauliza ile fimbo ni ya nini. Katelo akamweleza desturi yote.

"Na wewe umechomeka mara ngapi?" fundi akauliza.

"Mimi? Hata mara moja, Mama. Sijawahi kuanguka."

"Kijana, asiyewahi kuanguka na pikipiki ni yule aliyepanda picha ya pikipiki."

Katelo akacheka kwa sauti. Lakini shingo yake ilipata joto, na nyuma ya sikio lake bado kulikuwa na tope kavu. Fundi alikuwa amekaa papo hapo nyuma ya sikio hilo.

Wakaingia Chalbi jua likiwa upande wa magharibi. Mwanzoni alienda mbio, mwendo wa furaha, chumvi ikilia karanga zake. Alijua kisima kinangoja. Alikuwa ameshapanga atakavyoingia kijijini, atapiga honi kutokea mbali, watoto watakimbia, mama yake atapiga vigelegele. Kisha akakumbuka lile shimo, akaanza kulitafuta kwa macho.

Alitafuta ukoko uliovunjika. Upepo ulikuwa umefunika kila kitu. Alitafuta alama za mbuni. Hakuna. Alitafuta alama za tairi lake mwenyewe, akaona moja, ikapotea kwenye vumbi. Mazigazi yalikuwa yamejaa pande zote, kila mahali pakang'aa kama tope na kila mahali pakang'aa kama njia. Ndugu zangu, yule aliyesema "nitapakumbuka" alikuwa ameahidi kukumbuka tone moja ndani ya mtungi wa maziwa!

Akapunguza mwendo. Akapunguza tena.

"Mbona tunatambaa?" fundi akauliza.

"Nataka uone mandhari, Mama."

"Mandhari gani? Ni nyeupe. Nimeshaiona. Mimi nimeitwa kwenye maji."

Afanyeje? Akienda polepole, jua litazama na mifugo iko birikani. Akienda mbio, huenda shimo liko mbele ya gurudumu sasa hivi, na safari hii hatazama peke yake. Atazama na mwanamke wa watu, na mota, na maji ya kijiji kizima. Mara mbili alifungua mdomo amwambie ukweli, mara mbili akaumeza. Mwishowe akachagua kama wachaguavyo wenye aibu. Akaongeza mwendo, ili yapite upesi.

Wakakimbia. Upepo ukavuma masikioni. Weupe ukaja mbio, weupe, weupe, weupe, kisha, mbele kabisa, doa.

Alidhani ni mazigazi. Lakini mazigazi hayana rangi nyekundu. Doa likatikisika, likapepea. Wekundu uliopauka kama soksi ya zamani.

Katelo alikanyaga breki kwa roho yake yote. Pikipiki ikateleza, ikayumba huku na huku, fundi akasema neno la Kimeru ambalo hapa kanisani halina tafsiri. Wakasimama, na chini ya gurudumu la mbele ukoko ukalia ta, ta, ta, kama yai linapoanza kupasuka. Akarudisha pikipiki nyuma polepole, pumzi ameibana.

Chini ya ile fimbo alikuwa ameketi Elema.

Mguu wake mmoja ulikuwa umelala vibaya, umevimba kama mtungi. Midomo ilikuwa myeupe kwa chumvi. Ng'ambo ya shimo, upande wa kijijini, pikipiki yake ilikuwa imezama, vimebaki usukani na kioo kimoja kinachotazama angani. Alikuwa ametoka kuwapokea nusu ya njia ili wagawane mzigo, kwa sababu alijua wataelemewa.

Sasa tazameni hapa, wapendwa, maana mimi hapa ndipo moyo wangu husimama. Elema aliangukia upande ule wa kijijini. Lakini fimbo yake ilikuwa imechomekwa upande huu, upande wa Marsabit. Na kati ya hapo na pale, kulizunguka shimo lote, kulikuwa na mchirizi mrefu kwenye chumvi, kama mtu aliyeburuta gunia. Alikuwa ameburuta mguu wake.

Katelo akapiga magoti. "Kwa nini hukuchomeka palepale ulipoangukia?"

"Wewe ulikuwa unatokea upande huu," Elema akasema.

Kisha akanywa maji aliyopewa na fundi, akaongeza kwa upole, "Nilipokuwa natambaa nikaona alama ya tairi lako ndani ya tope. Tairi jipya. Ni wewe tu uliye nalo. Nikajua ulilala hapa asubuhi, Bingwa."

Fundi Kagwiria alimtazama Katelo, akautazama ule mguu, akalitazama tope kavu nyuma ya sikio. Alikuwa ameshaelewa yote, lakini hakumtukana. Alisema tu kwamba mguu unahitaji kufungwa, na huku jangwani hakuna mbao.

Ziko fimbo mbili tu. Ya Elema wakaing'oa, wakaikata vipande viwili kwa msumeno wa sanduku la vifaa, wakaufunga mguu kwa kile kitambaa chekundu. Hapo shimo likabaki halina alama.

Kila mtu akatazama ubavuni mwa pikipiki ya Katelo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeenda. Akaifungua fimbo, akatembea mpaka ukingoni, akaichomeka kwa mikono miwili. Kile kitambaa cha njano, chenye mikunjo ya dukani, kikafunguka kwa mara ya kwanza, kikapepea, kikaonekana mbali sana. Kilikuwa kizuri. Siku zote hizo kilikuwa kizuri bure.

Pikipiki ingeweza kubeba watu wawili na mota, si zaidi. Elema hangeweza kukanyaga gia, na Katelo hakuweza kumwacha pale. Fundi akamaliza ubishi kwa kupanda mbele na kukamata usukani. Alimwambia Katelo kwamba alianza kuendesha pikipiki kwenye matope ya Meru wakati yeye bado anafungwa nepi. Njia haijui, lakini nyuma yake amekaa Baba Bendera anayeijua Chalbi yote kwa mwili wake. Elema akanyoosha mkono, akamwonyesha kushoto, mbali, mbali zaidi. Wakaenda. Sauti ya injini ikapungua mpaka ikawa kama nyuki.

Katelo akabaki amesimama kando ya kitambaa chake.

Baada ya muda, likatokea lori la mifugo kutoka upande wa Marsabit, watu wamekaa juu ya vyuma, wanawake na watoto ndani, linakuja kwa kasi moja kwa moja. Akakimbia mbele yake akipunga mikono yote miwili. Likasimama. Utingo akachungulia, akaona njano, macho yakamtoka.

"Bingwa! Hicho si kile kisichoonja chumvi?"

"Nilianguka hapa asubuhi," Katelo akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka juu kabisa ya lori. "Nikanyamaza, na Elema akavunjika mguu. Piteni kushoto. Mbali."

Juu ya lori walicheka. Walimcheka sana, wengine walipiga mapaja. Lakini walicheka wakiwa wazima, wakipita kushoto, mbali, na watoto wao.

Na kabla jua halijazama kabisa, upande wa kijijini, ng'ombe, ngamia, mbuzi na wanadamu walisikia sauti moja ikikohoa ndani ya bomba. Kisha maji.

Sasa tushuke kwenye pikipiki, tujitazame sisi.

Sisi tunapenda sana kushuhudia. Kila juma mtu anasimama hapa mbele na kutuambia alivyofika. Nilifaulu, nilipona, nilishinda, Bwana asifiwe. Ni vizuri, tuseme, tushangilie. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kusimama akasema, nilianguka, na nilianguka mahali fulani, njia ya kufika pale inaonekana imara na safi lakini chini ni tope?

Dada mkubwa anamjua yule mwanamume mwenye maneno matamu. Alipita kwake, akatoka na matope mpaka kifuani, akanawa uso. Leo anamwona mdogo wake anavaa vizuri anaelekea kulekule, naye anasema, "Safari njema." Baba alinywa pombe miaka mingi mpaka karibu azame, Mungu akamtoa. Leo anamfokea mwanawe kama mtu ambaye hajui hata harufu ya chupa. Kwa nini asimwambie, mwanangu, mimi nilikuwa pale, nikuonyeshe ukoko unapovunjikia? Msichana aliacha shule akidanganywa na rafiki kwamba kuna kazi nzuri mahali fulani, akaikuta kazi yenyewe jinsi ilivyo, akarudi akaificha. Wenzake watatu wako njiani kwenda huko, kwa sababu yule aliyerudi aliwaambia njia ni kama uwanja wa ndege.

Tunasema yamepita. Tunasema Mungu amesamehe. Ndiyo, amesamehe! Lakini kusamehewa kwetu hakukuliziba shimo. Shimo bado liko pale, na upepo umeshalifunika.

Hatuogopi dhambi kama tunavyoogopa steji. Tunaogopa kicheko. Tumekuwa watu wa vitambaa vipya, tunavionyesha kwa wageni. Na tumewapa majina ya dharau wale wachache wenye vitambaa vilivyopauka, wale wanaosema wazi, "Hapa mimi nilianguka, pita kule." Kumbe ndio waliotufikisha wengi wetu hapa tulipo tukiwa na miguu yetu yote miwili.

Siwaombi mtangaze kila kitu kwa kila mtu. Nawaomba mfikirie mtu mmoja tu, yule anayekuja njia uliyopita wewe. Unamjua. Huenda umekaa naye benchi moja sasa hivi. Huenda uko naye nyumba moja, mnakula sahani moja. Zunguka uende upande anaotokea yeye, hata ikikubidi utambae, ukachomeke kitambaa chako pale atakapokiona.

Tukitoka hapa, kabla hujafika mlangoni, mshike mkono mtu huyo. Maana yeye tayari ameshawasha pikipiki.